The Orville wameiba Star Trek au wameienzi? Jibu refu kwa mdau aliyeuliza

Mkuu umeuliza hivi: The Orville, tamthilia ya komedi ya anga za juu ya Seth MacFarlane, ni kuienzi Star Trek (tamthilia maarufu ya zamani ya wasafiri wa anga) kwa utani au ni kuvunja hakimiliki, na kama ni kuvunja mbona CBS, wenye Star Trek, hawakumshtaki. Alafu ukaongeza kwamba wewe na wenzako mna wazo la komedi ya manahodha wa anga za juu mnataka mrekodi, mnaogopa. Nitajibu kwa urefu kidogo maana kazi yangu ndo kuhariri video za komedi, na hizi tamthilia zote mbili nimezirudia mnooo.

Kwanza tuelewane, mahakama haikuulizi kama unaipenda kazi ya mwenzio. Inauliza umechukua nini na umekifanyia nini. Mtu anaweza akaienzi kazi kwa moyo wake wote na bado akawa amevunja sheria, na mwingine akaikejeli mpaka mwenyewe akasirike na akatoka salama. Na mimi nimefikia kusema kwamba anayeipenda sana ndo yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwasababu anataka kila kitu kifanane na cha asili, mpaka kifungo cha shati.

Angalia kesi ya Axanar. Alec Peters ni shabiki wa Star Trek wa kufa mtu, mwaka 2014 akatoa filamu fupi ya kama dakika 20 inaitwa Prelude to Axanar, kisha wakachangisha mashabiki mtandaoni zaidi ya dola milioni moja ili watengeneze filamu kamili. Hakuna utani mle ndani, ni heshima tupu, mhusika mkuu ni Garth wa Izar ambaye alitokea kwenye Star Trek ya zamani mwaka 1969, kuna viumbe wa Star Trek kama Waklingon na Wavulcan, kuna meli zenyewe na mavazi yenyewe. Desemba 2015 Paramount na CBS wakafungua kesi. Katikati ya kesi J.J. Abrams, muongozaji wa filamu za Star Trek, akasimama mbele ya mashabiki akatangaza kwamba kesi itafutwa, haikufutwa. Januari 2017 jaji Klausner kule California akaamua kwamba utetezi wa matumizi ya haki (fair use, yaani sheria kukuruhusu kutumia kazi ya mwenzio bila kumuomba) haupo hapa, wale jamaa walitaka kazi yao iwe aminifu kwa Star Trek na hawakuwa wanaikosoa wala kuitania, kwahiyo hawawezi kujificha nyuma ya parodi, yaani kuiga kazi kwa kuitania. Muda mfupi baadae wakamalizana nje ya mahakama, na Axanar ikaruhusiwa vipande viwili tu vya dakika 15 kila kimoja. Yaani uaminifu wao ndo uliowamaliza, na mimi hyo kesi iliniuma kwasababu ile kazi ilikuwa nzuri kweli. Lakini nikiisoma hukumu siwezi kusema jaji alikosea.

Sasa njoo kwa The Orville. Ilianza kwenye televisheni ya Fox tarehe 10 Septemba 2017, wiki mbili kabla ya Star Trek: Discovery yenyewe kuanza, kwahiyo kama kuna siku CBS walikuwa na sababu ya kukasirika ni hiyo. Na hawa jamaa hawakujificha hata kidogo: Brannon Braga aliyefanya kazi miaka na miaka kwenye Star Trek ni mtayarishaji wao, Jonathan Frakes aliyeigiza Riker kwenye Star Trek amewaongozea epsodi, daktari wa meli ni Penny Johnson Jerald ambaye tulimuona Deep Space Nine, MacFarlane mwenyewe aliwahi kutokea kwenye Enterprise, zote ni tamthilia za Star Trek. Ukiweka picha mbili pembeni, harufu ni ile ile. Taa ile nyeupe iliyotulia kwenye chumba cha kuongozea meli, nahodha kakaa kati, kioo kikubwa mbele, muziki wa okestra unapanda kabla ya matangazo.

Lakini sasa fanya kama mimi, simamisha picha uangalie kitu kimoja kimoja. Meli ya Enterprise ya Star Trek ina sahani kubwa mbele na injini mbili zimesimama nyuma kwenye mikono. Orville haina sahani, ina mwili mmoja uliochongoka na mapete matatu nyuma. Mavazi ya Star Trek: The Next Generation, viongozi wanavaa nyekundu na matabibu bluu. Orville bluu wanavaa viongozi, daktari kijani. Hakuna Federation (muungano wa sayari wa Star Trek), kuna Union. Hakuna warp, ile injini ya kasi ya Star Trek, kuna quantum drive. Hakuna Mklingon hata mmoja, kuna Mamoclan, viumbe wao wenyewe. Isaac, roboti wao, unamwangalia unamkumbuka Data, roboti wa Star Trek, lakini Data alitamani kuwa binadamu na Isaac anatuona sisi ni viumbe wa chini kabisa, na hiyo tofauti ndo inayobeba hadithi kubwa ya sizoni ya pili. Kila mahali ambapo shabiki angeweka kitu chenyewe, wao wameweka cha kwao kinachofanya kazi ile ile.

Na hicho ndo kinachowalinda kuliko neno parodi. Sheria ya Marekani ya 1976 inasema wazo halina mwenyewe, anayelindwa ni yule aliyelivalisha wazo umbo lake mahususi. Meli ya wavumbuzi yenye mchanganyiko wa viumbe, nahodha mwenye msimamo, sayari mpya kila wiki yenye tatizo linalofanana na la kwetu duniani, hivyo havina hati. Kwa kweli sizoni ya kwanza epsodi ya tatu, ile ya mtoto wa Bortus, afisa Mmoclan wa meli, aliyezaliwa wa kike kwenye jamii inayosema wote ni wanaume, mpaka kesi ikaenda kwenye baraza lao, pale sioni hata utani. Ni hadithi ya Star Trek kwa roho, imeandikwa na mtu aliyelelewa nayo, na hajachukua sentensi ya mtu. Kufika hapo kuiita parodi unaidhulumu.

Tena CBS wenyewe wameshaitumia kanuni hiyo hiyo kujitetea. Kuna mtengenezaji gemu, Anas Abdin, aliwashtaki mwaka 2018 kwamba Discovery imemchukulia wazo lake la tardigrade, kimdudu cha kweli kidogo mno, kilichofanywa kikubwa kikasafiri angani. Mahakama ya rufaa ya New York mwaka 2020 ikasema tardigrade kuishi angani ni jambo la kisayansi, wazo la kumfanya mkubwa asafiri angani halimilikiwi na mtu, CBS wakashinda. Huwezi kushinda hivyo alafu ukamsumbua jirani kwa kuwa na nahodha na meli.

Sasa parodi kisheria ni nini. Kesi mama ni ya mwaka 1994, Campbell dhidi ya Acuff-Rose, kundi la rap la 2 Live Crew walichukua Oh, Pretty Woman ya Roy Orbison wakaigeuza, wakati wenye wimbo walishakataa kutoa ruhusa. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema parodi inaweza kuwa matumizi ya haki hata kama unauza, ila utani wako uwe unailenga kazi yenyewe uliyoichukua. Ukichukua kazi ya fulani ili utanie kitu kingine, huna sababu ya kukopa kwake. Wengi wanakosea hapo. Kuna kitabu cha Oh, the Places You'll Boldly Go!, kilichochanganya michoro ya Dr. Seuss, mwandishi wa vitabu vya watoto, na Star Trek, maneno yameandikwa na David Gerrold aliyewahi kuandika Star Trek yenyewe. Kinachekesha, kina upendo. Desemba 2020 mahakama ya rufaa ikakikataa, michoro ilinakiliwa kwa umakini mno na hapakuwa na ukosoaji wowote wa Dr. Seuss, ilikuwa ni kumtumia tu.

Kwenye kazi yangu nimeliona hili kwa udogo wake. Vijana fulani waliniletea komedi yao ya meli ya anga, nahodha anabishana na injinia kuhusu mafuta, wameandika vizuri na mavazi wameshona wenyewe. Ila walitaka muziki wa mwanzo uwe ule ule wa tamthilia wanayoitania, nikawaambia huo utawaponza, wakasisitiza. Ilivyopandishwa tu mtandaoni mfumo ukautambua ule muziki na mapato yote yakaelekezwa kwa wenye nao. Nahodha hakuguswa, vichekesho havikuguswa, kilichokamatwa ni zile sekunde za sauti. Tulivyobadilisha tukaweka kinanda kilichotungwa na mwenzao video ikarudi kwao. Mashine kukuacha haimaanishi uko salama kisheria lakini, usije ukajidanganya hapo.

Kwahiyo mkuu kwenye script yenu pitieni kila jina, kila umbo la meli, kila alama ya kifuani, mjiulize hiki tumekiweka kwasababu utani unakihitaji au kwasababu tunakipenda. Cha pili tengenezeni cha kwenu. Msitegemee yale masharti ya filamu za mashabiki ambayo CBS na Paramount walitoa Juni 2016, yanabana sana: dakika 15 kwa kipande, vipande visizidi viwili, michango mwisho dola elfu 50, na hairuhusiwi kuingiza pesa. Alafu haya yote niliyoandika ni ya Marekani. Sheria yetu ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haina ile mizani yao ya matumizi ya haki, ina orodha ya yanayoruhusiwa kama matumizi binafsi na kunukuu, kwahiyo kabla hamjauza popote nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkaulize, na script msajili kwa jina lenu. Ukiwa tayari nitumie kurasa za kwanza inbox nitazisoma, hasa mavazi na meli yenyewe mmeichoraje.