Jibu: Fiziolojia mwaka wa kwanza, madesa yanatosha?

Dogo, unauliza kama madesa, yaani maswali na majibu ya mitihani iliyopita, yanatosha kufaulu fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi. Futa hilo faili la madesa. Leo leo. Eti "wa mwaka wa tatu wamesema maswali yanajirudia, nikikariri ya nyuma nimetoboa". Wa mwaka wa tatu wa enzi zangu waliniambia hivyo hivyo. Mmoja aliniuzia desa la figo kwa bei ya chipsi mayai, na mafuta ya chipsi yalikuwa bado yako ukurasa wa kwanza. Nikalihifadhi kama kasida.

Nilijua figo zinachuja lita 180 kwa siku na mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi. Homoni zote nilikuwa nazitaja kwa mpangilio wa slaidi. Mtihani ukaleta mtu: kijana anaharisha na kutapika tangu jana, mapigo 130, presha 80/50, mikono ya baridi, hajakojoa tangu asubuhi. Eleza. Hakuna "taja", hakuna "orodhesha". Nikamwaga figo kurasa kadhaa. Alama zangu zilikuwa chini ya presha ya mgonjwa, na nasema ile ya chini.

Supu, yaani mtihani wa marudio, nayo ilikuwa na mahojiano ya ana kwa ana. Swali: kwa nini mikono ni ya baridi na moyo unakimbia? Nikajibu labda wodini kuna kiyoyozi. Cheka tu, mimi nilikuja kucheka baadaye sana. Nikarudia mwaka, bumu (hela ya mkopo wa chuo) likakata, mama akakopa kwenye kikoba. Na muuza desa? Akanitumia meseji: "Pole mkuu, walibadilisha fomati." Fomati! Mgonjwa wa kuharisha ana fomati gani?

Jibu lenyewe wala si refu. Maji yametoka, damu inayorudi moyoni imepungua, kila pigo linasukuma kidogo. Mtu mzima aliyetulia anasukuma mililita 70 kwa pigo, mapigo 70, karibu lita 5 kwa dakika. Pigo likishuka mpaka mililita 25, hata ukikimbiza moyo 130 hufiki lita 3 na nusu. Vihisi vya presha shingoni na kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, vinashtuka, ubongo unaamuru mishipa ya ngozi ibane ili damu ibaki kwa moyo na ubongo wenyewe. Ndiyo hiyo baridi. Figo nazo zinabaniwa, homoni mbili, ADH na aldosteroni, zinashikilia maji na chumvi, mkojo unakauka. Mgonjwa mmoja, umeshagusa moyo, neva, homoni na figo. Ongeza kwamba sodiamu na glukosi huingia ukuta wa utumbo pamoja kupitia mlango mmoja, maji yakifuata, basi umejua kwa nini ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji anayopewa anayeharisha, ina sukari.

Kwa hiyo kila ukimaliza kusoma kitu, funga kitabu, chukua karatasi tupu, chora mishale: nini kimebadilika, nani amehisi, nani anarekebisha. Halafu kata mshale mmoja uone mgonjwa anakuwaje. Umeshindwa kuchora? Hujasoma, hata kama umekesha.

Uliuliza pia stetoskopu gani ununue. Itasubiri. Kitabu, chukua chochote kinene cha maktaba. Mengine nimesahau, wengine watakujibu.

Wewe anza na huyu: amelala, anasimama ghafla, nusu lita ya damu inashukia miguuni. Chora mpaka presha irudi. Kisha mpe dawa inayolegeza mishipa, umwone anavyopepesuka. Piga picha ya karatasi uiweke hapa hapa, niikosoe.