Barua kwa mwanangu: mazoezi yasubiri kwanza

Assalaam alaykum mwanangu,

Umeniuliza, kwa vile sasa umefanywa supavaiza wa hausikiping hapo hotelini Malindi, utawazoesha vipi watu wako tabia za kutunza afya, na mpango uliouweka ni mazoezi saa kumi na mbili asubuhi kabla ya shifti alafu mashindano ya kuhesabu hatua kwa simu, hatua 10,000 kila siku, mshindi apewe vocha. Nimefurahi sana kuona unawafikiria, wengi wakipewa cheo kitu cha kwanza ni kuongeza sauti. Lakini mamangu, hayo mawili yaweke kando kwanza.

Rumu stiwadi anatembea toka asubuhi, anasukuma toroli, anapanda ngazi na mashuka mkononi, huyo hana upungufu wa hatua. Na hio 10,000 haikutoka kwa daktari, ilianzia Japani 1965, kampuni ilikuwa inauza kifaa cha kuhesabu hatua ikakipa jina lenye hio namba, watu wakaishika mpaka leo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kadiri kwa wiki, na watu wako wengi nadhani Jumanne washazimaliza. Mazoezi wapelekee wa risepsheni na wa uhasibu wanaokaa kitako siku nzima. Alafu fikiria yule mama anayetoka Ganda, nje ya mji, ameamka alfajiri kuchota maji na kuwatayarisha watoto, ukimwambia aje nusu saa mapema bila malipo ushamuongezea kazi ukaipa jina la afya.

Mimi ningeanza na choo.

Usishangae. Miaka yangu ya unesi hapa Lamu kina mama wa kazi za hoteli na majumba ya wageni walikuwa wanakuja na shida zile zile, mkojo unachoma, kiuno, kichwa kinagonga. Unamuuliza, maji unakunywa? Kidogo tu nesi. Kwa nini? Anainamisha macho, anakwambia choo cha wafanyakazi kiko kule nyuma ya jiko, mpaka aende arudi rumu imechelewa na atagombezwa, na cha wageni haruhusiwi kuingia, basi bora asinywe. Mtu kama huyo hata umbandikie bango la kunywa maji kila ukuta hatakunywa, manake kiu anaijua, anachokosa ni ruhusa. Kwa hio tafuta choo kimoja karibu na rumu waruhusiwe, weka maji ya kunywa kila floo, na fanya kabla joto la kaskazi halijashika. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke vyoo na maji safi ya kunywa, hata mahali pa kukaa pale kazi inaporuhusu, kwa hio huombi fadhila.

La pili ni godoro. Lile la sita kwa sita akilishika mmoja anapinda mgongo kila kona, ananyanyua na mkono mmoja anachomeka shuka na mwingine, alafu anazunguka upande wa pili aanze tena. Wakienda wawili wawili kila mtu na upande wake hakuna wa kuzunguka wala wa kunyanyua peke yake. Meneja atasema rumu zitachelewa, mwombe floo moja tu wiki mbili, wewe shika saa uandike dakika.

Na ofu zao uzilinde hasa Disemba wageni wakijaa. Sheria ya ajira ya 2007 inasema angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku 7, lakini sote tunajua hio siku inavyomezwa, njoo leo tu, njoo na kesho. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi Duniani walitoa hesabu kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki hatari yake ya kiharusi ni asilimia 35 zaidi kuliko wa saa 35 mpaka 40. Na wewe mwanangu zile meseji za saa tano usiku kwenye grupu ziwache, hata ukiandika "si haraka" atakayeiona ataamka.

Kuna na wasiwasi wa pesa, huu mara nyingi ndio unaowanyima usingizi. Masika ikiingia Aprili wageni wanapungua na vibarua wanarudishwa nyumbani, saa zingine anaambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu asije, na huku ana karo na mikopo ya simu. Huyo usimkalishe umfundishe kupumua polepole. Mbane meneja akupe majina mapema, Februari hivi, mtu ajipange.

Alafu waulize wenyewe, ila usiwaite ofisini mmoja mmoja wakadhani ni kesi. Keti nao kama wazee wanavyoketi barazani baada ya alasiri, bega kwa bega bila meza katikati, dakika kumi ndani ya shifti, uulize tu, kitu gani kwenye kazi hii kinakuchosha zaidi? Ugonjwa wa mtu usiuulize mbele ya wenzake, mwenye sukari au mimba changa hataki kutangazwa. Ramadhani ikifika wanaofunga wapange rumu nzito asubuhi, na wasiofunga wapate pa kula bila kujificha.

Wakishakuzoea wenyewe wakasema wanataka mazoezi, waanzishie, lakini ndani ya saa za kazi na asiyetaka asiulizwe kwa nini.

Kwa meneja usiende na neno afya peke yake, nenda na daftari la siku walizokosa kazi kwa kuumwa miezi mitatu hii, ngapi za mgongo, ngapi za homa, bila kuandika majina. Anza na choo na ofu, godoro lifuate. Nijulishe amekujibu nini, nikupe na ya kumwambia akikataa.

Babako anakusalimu.

Mamako, Lamu