Mnafundisha watu 140 ili msizungumze na mmoja

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda cha kufungasha parachichi hapa Njombe. Tuko 140, zaidi ya nusu ni vibarua wa msimu. Mnunuzi wetu wa Ulaya ametaka kila mfanyakazi apewe mafunzo ya kuzuia uonevu kazini kabla ya shehena ijayo. Amejitokeza mwezeshaji kutoka Mbeya, anasema anatumaliza wote kwa siku moja na anatoa vyeti "vinavyotambulika kisheria". Tajiri amefurahi. Mimi nina wasiwasi kwa sababu tunaye supavaiza wa zamu ambaye watu wanamlalamikia kila msimu, ila ndiye anayeijua kazi. Tukitoa mafunzo na kila mtu akasaini, kampuni inakuwa salama?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Haiwi salama. Na jibu lako umelitaja mwenyewe, ila umelificha mkiani mwa barua: supavaiza mmoja, kila msimu, anaijua kazi.

Maswali ya namna hii yananifikia mfululizo, ya Mafinga kwenye mbao, ya Tukuyu kwenye chai, ya Mbozi kwenye kahawa, na yote yanafanana kama mapacha. Kuna mtu anajulikana. Jina lake linatajwa kwa mama ntilie, linatajwa kwenye daladala, tajiri naye analijua. Halafu inaitishwa semina ya watu wote. Mnafundisha watu 140 ili msizungumze na mmoja.

Hicho cheti, mwombe mwezeshaji akuonyeshe kifungu kinachokitaja. Mimi ninachokijua ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004. Kinamtaka mwajiri akuze fursa sawa, ajitahidi kuondoa ubaguzi, na asajili mpango wake wa kufanya hivyo kwa Kamishna wa Kazi. Mpango huo mnao? Kifungu hicho hicho kinauhesabu unyanyasaji kuwa ni ubaguzi pale unapotokana na mambo kama kabila au mahali mtu alikotoka, jinsi, ujauzito, ulemavu, VVU, umri au dini. Na mfanyakazi akishaonyesha mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwamba dalili za ubaguzi zipo, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea unakuwa wa mwajiri. Pale hutaulizwa ni wangapi walikula sambusa. Utaulizwa: ulipoambiwa, ulifanya nini?

Zile saini zitawageuka. Zinaonyesha kwamba supavaiza alifundishwa kosa, akalielewa, akaendelea nalo, na ninyi mkamtazama.

Tajiri wako huenda anajipa moyo kwamba vibarua hawana pa kwenda. Ni kweli kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo halali kama wenzake. Lakini kinga dhidi ya ubaguzi inamfikia hata anayeomba kazi getini. Supavaiza akimwambia binti mjamzito "hapa si kliniki", hakuna wa kuhesabu miezi.

Uonevu mtupu, ule wa kuteswa kwa sababu tu hupendwi, sheria hiyo ya 2004 haikuupa kifungu chake peke yake. Wengine wakishasikia hivyo wanapumua. Wasipumue. Mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi mtu akaacha, sheria inahesabu kwamba amemwachisha yeye, hata kama barua ya kuacha kazi imeandikwa kwa mkono wa mfanyakazi.

Wateja wa nje nao mnawaelewa nusu. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, una ibara ya 9 inayozungumzia wajibu wa waajiri. Mafunzo yamo, ila yametajwa la nne, mwisho kabisa, baada ya sera iliyotungwa pamoja na wafanyakazi, baada ya kuuweka unyanyasaji katika mipango ya usalama na afya kazini, na baada ya kubaini hatari ziko wapi. Ninyi mnaanzia mkiani. Jimbo la California huko Marekani lilikwenda mbali zaidi kwa mafunzo: tangu 2015 waajiri wenye watu 50 na zaidi, na baadaye hata wenye watu 5, wanalazimika kuwafundisha wasimamizi kuhusu tabia za uonevu ndani ya mafunzo yao ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, ya saa 2 kila baada ya miaka 2. Uonevu wenyewe, usipotokana na jinsi, rangi au mambo kama hayo, sheria ile haikuufanya kosa. Somo ni la lazima, tendo halikukatazwa. Angalau wenzetu wale walianza na wasimamizi. Huku tunawakusanya wanaoonewa tuwaeleze kuonewa kukoje, kana kwamba hawajui.

Niliwahi kuitwa kusuluhisha mgogoro katika kiwanda kimoja cha mbao. Wiki mbili kabla kulikuwa na semina, tena nzuri, ya projekta. Mwezeshaji aliwahimiza watu wafunguke, na binti mmoja wa kwenye mashine akasimama akamtaja mnyapara wake kwa jina. Watu wakapiga makofi. Mwezeshaji akamshukuru kwa ujasiri, akachukua bahasha yake, akapanda basi. Jumatatu yule binti alitolewa kwenye mashine akapelekwa kuzoa maranda na kubeba mabanzi mabichi. Mwezi haukuisha akawa ameondoka. Nilipofika mimi, mezani niliwekewa orodha ya mahudhurio iwe ushahidi kwamba kiwanda kinajali. Jina la binti lilikuwamo, na saini yake nzuri tu.

Kwa hiyo semina iahirishe kwanza. Chukua karatasi za zamu za miezi mitatu iliyopita, ujifungie nazo. Uonevu wa viwandani hauko kwenye matusi peke yake, uko kwenye upangaji. Nani anapelekwa chumba cha baridi mara kwa mara, tena kwa baridi ya Njombe ya mwezi wa saba, na je, koti anapewa? Nani hapangiwi kamwe saa za ziada? Nani msimu huu hakuitwa ingawa msimu uliopita alikuwa hodari, na aligombana na nani kabla ya kuondoka? Ukiona majina yale yale, umeshapata zaidi ya atakachokupa mwezeshaji yeyote.

Halafu weka njia mbili za malalamiko, na moja isipite kabisa kwa supavaiza wa zamu. Mlalamikaji asihamishwe kazi wala zamu bila wewe kuandika sababu. Hapo ndipo mwite supavaiza wako, wewe na tajiri, mlango ukiwa umefungwa, mkiwa na zile karatasi. Mafunzo yafuate, yaanze na wasimamizi, wachache wachache, kwa visa vya kwenu wenyewe. Maana hata wao wana hofu ya kweli: wanadhani sasa mtu hakemewi. Anakemewa. Kumkaripia aliyechelewa au aliyepanga matunda yaliyochubuka si uonevu. Kumweka mtu siku tatu chumba cha baridi bila koti kwa sababu alihoji malipo yake ni uonevu, hata kama hakuna aliyepaza sauti.

Hawa wauza vyeti nimewachoka. Jana walikuwa wanauza semina za ujasiriamali, juzi za kufuga kware, leo ni wataalamu wa unyanyasaji kazini. Akikuhakikishia kumaliza watu 140 kwa siku moja, muulize swali moja tu: mtu akisimama akataja jina, kesho yake nani atamlinda? Akianza kukueleza habari za picha ya pamoja, mpe nauli arudi kwao.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa na barua ya kuacha kazi mfukoni, usiipeleke bado. Kanuni za 2007, zilizotungwa chini ya sheria ile ile ya ajira, zinataka uwe umetumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, labda uwe na sababu nzuri ya kutozitumia. Andika malalamiko, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, andika tarehe na jina la aliyekataa. Ukishaondoka, una siku 30 za kujaza fomu ya Tume, na siku za Jumapili zimo.