Lambalamba za roketi: majibu ya maswali yenu

Tangu nioneshe lile tangazo la zamani la lambalamba ya Uingereza lenye roketi maswali hayakomi, leo nachukua manne.

Hivi hii mambo ya kuchanganya lambalamba na series za anga ilianzaje?
Mwanzoni mwa miaka ya 60 Lyons Maid, kampuni ya lambalamba ya Uingereza, walikuwa na lambalamba inaitwa Zoom, ina umbo la roketi, na aliyekuwa anaitangaza ni Steve Zodiac, rubani wa Fireball XL5, ile series ya midoli ya nyuzi ya Gerry na Sylvia Anderson iliyoanza Oktoba 1962. Sasa hapa ndo penye utamu wenyewe: series ilikuwa black and white, mtoto anaona roketi ya kijivu tu kwenye TV, halafu anatoka na senti zake dukani anapewa roketi ya rangi, baridi, anailamba mpaka kijiti. Mimi naamini hiyo rangi ndo iliuza, kuliko maneno yote ya tangazo.

Ile lambalamba ya Fab, jina lake maana yake nini? Niko Leicester, binti yangu anaila kila summer.
Dada, hiyo imetoka kwenye Thunderbirds, series nyingine ya midoli ya hao hao Anderson. Wale waokoaji wakiitikia redioni wanasema "F.A.B.", yaani nimekupata, na gari la Lady Penelope, mhusika wa kike kwenye series hiyo, lile Rolls-Royce la pinki la matairi sita, namba yake FAB 1. Roketi zilionekana ni za wavulana, kwa hiyo Lyons Maid wakataka kitu cha wasichana na sura ya tangazo ikawa Lady Penelope. Ilitoka 1967, na angalia hapo, episodi ya mwisho ya Thunderbirds ilikuwa imeshaonyeshwa Krismasi ya 1966, ila marudio yaliendelea na lambalamba ikaishi kuliko series yenyewe. Zile chembe za sukari za rangi juu ya chokoleti mpaka leo zipo, mwambie mtoto.

BBC hawarushi matangazo, sasa Dalek waliingiaje kwenye lambalamba?
Swali zuri sana hili. Doctor Who, ile series ya anga ambayo Dalek ni maadui wa Doctor, ni ya BBC kweli, lakini Wall's, kampuni nyingine ya lambalamba, hawakuhitaji dakika za BBC, walihitaji ruhusa ya kutumia wahusika, tangazo lenyewe linapita ITV, kituo kingine cha TV, ambao ndo waliruhusiwa matangazo ya biashara tangu 1955. Hivyo 1967 lambalamba yao ya Sky Ray ikaja na kadi za picha, 36 jumla, Doctor dhidi ya Dalek, na kitabu cha kuzibandika. Na picha zilikuwa za rangi! Doctor Who kwenye TV ilibaki black and white hadi 1970, kwa hiyo watoto wengi walikuwa na Dalek wa rangi mfukoni kabla hawajamwona wa rangi kwenye kioo nyumbani.

Nikitaka kukusanya nianze na nini?
Anza na kadi, kaka. Kadi watoto walitunza, makaratasi ya kufungia yalikuwa yanalowa, yananata, yanatupwa palepale, ndo maana likipatikana zima bei inapanda. Ukikuta kitabu cha Sky Ray hakikisha kadi zote 36 zimo, na usijaribu kubandua iliyobandikwa, utaichana.