Darasa la Kale: Ligawe kwa Ukuta, Usiligawe kwa Sakafu

Ndugu mnaoishi Uingereza mnaniuliza kuhusu shule kuukuu za vijijini zinazouzwa ziwe nyumba. Nunueni, majengo haya yanastahili kuokolewa. Ila anzeni na hati.

Shule nyingi za karne ya 19 zilijengwa kwenye viwanja vilivyotolewa na wenye ardhi chini ya Sheria ya Viwanja vya Shule ya 1841. Shule ikifungwa, kiwanja kiliweza kurudi kwa ukoo wa aliyekitoa. Sheria ya 1987 iliwapa wadhamini jukumu la kukishika kwa niaba ya wenye haki, lakini bado wakili wako athibitishe kwamba anayeuza ana mamlaka. Na kama jengo limeorodheshwa kuwa la urithi, kubadili sura yake bila kibali, hata kwa ndani, ni kosa la jinai.

Sasa kugawa, jambo ninalolishikilia kuliko yote. Darasa lile lilijengwa kwa ajili ya mwanga na hewa ya watoto wengi: chumba kimoja kikubwa, kenchi ziko wazi, madirisha marefu yanayoanzia juu ya vichwa vya wanafunzi. Fundi atakwambia uweke sakafu katikati upate nyumba mbili, ya juu na ya chini. Sisi, katika shule tuliyoigeuza, tulikataa. Sakafu hiyo hukata dirisha: wa chini anabaki na kipande asichoweza kuchungulia nje, wa juu mwanga unamfikia magotini, na hatua zake zote zinasikika chini. Tulisimamisha ukuta kutoka chini hadi paani, kati ya dirisha na dirisha, bila kukata boriti hata moja. Ukuta wenyewe ni wa tabaka mbili zisizogusana, katikati mna nyuzi za kufyonza sauti. Vitanda viko kwenye roshani fupi ya ndani, upande wa nyuma. Kila familia ina madirisha mazima, na asubuhi jua linafika hadi ukuta wa mwisho. Nafasi tuliyopoteza siijutii.

Kuta nene za mawe hazina uwazi wa ndani. Unyevu unaoingia hutoka kupitia chokaa. Mtu akija na lipu ya saruji kutibu ukungu, mzuie. Saruji huufungia unyevu ndani, na mawe huanza kumeguka. Matundu ya hewa chini ya sakafu ya mbao nayo yasizibwe.

Kabla ya kugusa paa, mwite mtaalamu wa popo. Makazi yao yanalindwa na sheria hata wakati hawamo, na kazi inaweza kusubiri msimu mwingine.

Ulizia pia kodi ya VAT mapema. Kazi nyingi za kugeuza jengo lisilo la makazi kuwa nyumba hutozwa asilimia 5 badala ya 20, na ni mkandarasi anayeitoza, kwa hiyo mkubaliane kabla hajaandika ankara ya kwanza.