Maswali ya Wasomaji: Spea za Magari ya Mwanzo

Shikamooni wahariri. Katika stoo ya marehemu babu tumekuta plagi nne za kuwashia injini, za shaba zenye kaure nyeupe, kubwa kuliko za siku hizi. Fundi wa mtaani anasema ni za mashine ya shambani. Mjomba anasema ni za Ford za mwanzo. Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Huenda wote wawili, na ushahidi uko kwenye hesi, yaani mikato ya kukazia kama ya skurubu. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, ilifungwa plagi yenye hesi ya bomba ya nusu inchi. Hesi hiyo haikunyooka. Inapungua unene kuelekea chini. Iegemeze rula ya chuma ubavuni, uinue kwenye mwanga, utaona imelala mshazari. Kisha hesabu meno: 14 kwa inchi, yaani 7 katika nusu inchi. Huna geji ya hesi? Bonyeza plagi kwenye kipande cha sabuni na uhesabu alama.

Magari mengi mengine ya Marekani ya miaka hiyo yalitumia plagi ya inchi 7/8, iliyonyooka, meno 18 kwa inchi, inayokaa juu ya washa. Za Ulaya mara nyingi ni milimita 18, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5. Msipime kipenyo peke yake. Ya Ford ni kama milimita 21, ya 7/8 ni 22 na kidogo, na hesi iliyolika huifuta tofauti hiyo.

Lakini injini nyingi za zamani za kusukumia maji na kusagia nafaka nazo zilikuwa na hesi hiyohiyo ya bomba. Plagi pekee haithibitishi gari. Tafuteni stooni vitu vingine vilivyokaa nayo.

Onyo moja kubwa. Fitingi za maji katika maduka yetu ni za kipimo cha Kiingereza. Ya nusu inchi nayo ina meno 14 kwa inchi, ila pembe ya jino ni digrii 55, na ya Kimarekani ni 60. Ikifungwa kwenye tundu la plagi, itaingia raundi mbili tatu kana kwamba imetengenezwa kwa ajili hiyo, kisha itavujisha mgandamizo au kuharibu hesi ya kichwa cha silinda. Na plagi yenyewe isikazwe kwa nguvu zote: hesi ya mshazari hufanya kazi ya kabari, na chuma cha kusubu hupasuka.

Nina visanduku viwili vya mbao vilivyojaa lami, juu vina vibati vyembamba vya chuma. Pamoja navyo kuna sumaku nzito zenye umbo la V. Vilitoka shamba la zamani karibu na Voi. (Msomaji, Mombasa)

Hapa hakuna shaka: ni Model T. Majeshi ya Waingereza yalitumia Ford nyepesi katika vita vya 1914–1918 Afrika Mashariki, kwa hiyo kuzikuta spea zake upande huo si ajabu.

Visanduku ni koili, yaani vifaa vya kukuza umeme ili plagi itoe cheche. Gari lilibeba nne, moja kwa kila silinda, ndani ya sanduku lililokaa kwenye ubao unaotenga injini na abiria. Kagua: pembe za mbao zimeunganishwa kwa meno, ubavuni kuna vituo viwili vya umeme, na chini kimoja. Umeme ukipita, kiini cha chuma hukivuta kibati cha juu, platini (ncha mbili zinazogusana kupitisha umeme) zinaachana, umeme unakatika, kibati kinarudi. Hilo hutokea mara nyingi kwa sekunde, ndiyo maana koili nzima hulia kama nyuki, na cheche hutoka mfululizo badala ya moja.

Kinachokufa kwanza ni kondensa, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kwa muda, kilichofichwa ndani ya lami. Ilitengenezwa kwa karatasi, na karatasi hunyonya unyevu. Dalili zake ni platini kuwaka moto mkubwa huku cheche ya plagi ikiwa dhaifu. Huwekwa mpya ya mikrofaradi 0.47, ya volti 400 au zaidi. Ichimbueni lami ikiwa baridi, kwa patasi ndogo, kipande kwa kipande. Anayeiyeyusha kwa moto huunguza waya mwembamba wa ndani, na hapo koili imekwisha. Baadaye, kibati kikiwa kimebonyezwa chini, uwazi wa platini uwe milimita 0.8. Koili iliyotegwa vizuri hula ampea 1.3, na zote nne zilingane. Zikitofautiana, injini itatetemeka hata kama kila moja inatoa cheche.

Sumaku za V zilifungwa kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini), 16 kwa jumla, zikizunguka mbele ya koili nyingine 16 zilizotulia. Pimeni unene wake. Inchi 3/4 ni za kuanzia 1915; nyembamba zaidi ni za kabla ya hapo, na hizo ni adimu, msiziuze kwa kilo. Sumaku yenye afya hunyanyua karibu kilo moja ya chuma. Wakati wa kufunga, ncha za aina moja hukaa jirani: kaskazini kwa kaskazini, kusini kwa kusini. Ukikosea hata moja, umeme wa magneto, yaani mtambo huo wa sumaku na koili unaozalisha umeme, hupungua. Skurubu za karibu na ncha ni za shaba kwa makusudi, kwa sababu ya chuma huiba nguvu ya sumaku.

Nimenunua magneto ya Bosch kwenye mnada wa spea kule Hershey. Nitajuaje ni ya injini ya silinda ngapi? (Msomaji, Pennsylvania)

Fungua kifuniko cha distribyuta, sehemu inayogawa umeme kwa plagi, uhesabu vituo vya waya. Kisha zungusha shafti kwa mkono huku ukitazama distribyuta. Kwa silinda nne, shafti huzunguka mara mbili distribyuta ikizunguka mara moja. Kwa silinda sita, mara tatu. Mshale kwenye bodi unaonyesha upande wa kuzungukia, na hilo litazame kabla ya kulipa, maana ya kulia haikufai kwenye injini ya kushoto.

Usiitoe rota (kiini chenye waya kinachozunguka kati ya sumaku) bila kuunganisha ncha za sumaku kwa kipande cha chuma laini. Vinginevyo nguvu hupotea. Platini ziachane milimita 0.4. Zikiwa chafu, zisafishe kwa jiwe laini sana. Ikiwa magneto inatoa cheche ikiwa baridi na kuzima ikipata moto, usihangaike na platini tena: ni kondensa au vanishi ya waya wa rota iliyolainika, na rota lazima isukwe upya.

Kikombe kidogo cha shaba chenye koki ni cha nini? (Msomaji, Moshi)

Kama kina tundu linalopita hadi chini, ni cha kumwagia petroli kidogo ndani ya silinda kabla ya kupiga hendeli. Kama hakina koki na kifuniko chake kina hesi ndefu, ni cha grisi: kifuniko kikikazwa, grisi husukumwa kwenye beringi.

Namba ya injini ya Model T iko wapi, na inasema mwaka? (Msomaji, Dodoma)

Upande wa kushoto wa bloku, juu ya mdomo wa kuingizia maji. Iloweshe kwa mafuta ya taa na uisugue kwa brashi ya nywele. Brashi ya waya na msasa hufuta tarakimu. Gari la milioni 10 lilitoka Juni 1924, la milioni 15 Mei 1927. Namba iliyozidi hapo kwa mbali isikushangaze: Ford iliendelea kutengeneza injini hizo hadi 1941, zikauzwa peke yake. Kwa hiyo namba inakupa umri wa injini. Umri wa gari utafute kwenye bodi na rediyeta; ya shaba inayong'aa ilikoma na magari ya 1916.