Re: Mwalimu wangu Mwingereza anaweza kukaa mkahawani usiku, Cyprus 1956?

Salaam mkuu. Kwahiyo kwenye stori yako umekwama pale mwalimu wako Mwingereza anapopiga kahawa na wazee wa Kigiriki kijijini mpaka saa nne usiku, na wasomaji wanasema hiyo kitu haipo. Mi nasema wako sahihi, ila cheki tarehe kwanza kabla hujafuta chochote. EOKA, kikundi cha Wagiriki wa Cyprus waliotaka kuwatoa Waingereza waliokuwa wanatawala kisiwa, walianza mabomu tarehe 1 Aprili 1955, Novemba hiyohiyo gavana Harding akatangaza hali ya hatari, kama ilivyokuwa Kenya miaka ile. Ukiirudisha stori nyuma mpaka 1954 mzee wa watu anakunywa kahawa yake bila shida.

Ukibaki 1956 basi badilisha majirani, na usiwafanye wamchukie ghafla maana hapo ndo waandishi wengi wanaharibu. Wanampenda vilevile, ila akiingia tu mkahawani meza inanyamaza, mmoja anakumbuka ana mbuzi wa kufunga, kwa sababu kuonekana na Mwingereza ni kuitwa msaliti, na wasaliti walikuwa wanapigwa risasi. Na darasani usisahau, wanafunzi wa sekondari ndo walikuwa wanasambaza vipeperushi na kurushia askari mawe, so anaweza kuwa anamfundisha mtu ambaye yeye mwalimu anamwogopa mtaani.

Nimesoma Nicosia, mji mkuu, barabara ya Ledra leo ni maduka na aiskrimu, enzi hizo Waingereza waliuawa palepale mchana kweupe, kwahiyo usimtume huko kununua magazeti.

Makarios naye, yule askofu mkuu wa Cyprus, rekebisha: Machi 1956 Waingereza walimhamishia Ushelisheli, Mombasa alipita tu.